Kujikinga na Bakteria wa Tumbo Wanaotoka kwa Nguruwe, Mbwa na Paka

Mfugaji wa Urambo, Nzega au Sikonge anayesumbuliwa kwa muda mrefu na maumivu ya chembe cha moyo, kiungulia au tumbo kujaa gesi, anapaswa kumweleza daktari jambo ambalo huenda asiulizwe: anaishi na wanyama gani, na nani huwahudumia. Vidonda vingi vya tumbo husababishwa na helikobakta pailori, bakteria anayeambukizana zaidi baina ya watu wa nyumba moja, au na vidonge vya kutuliza maumivu kama diklofenaki. Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kumgundua bakteria huyo. Hata hivyo, jamaa zake wanaoishi katika matumbo ya wanyama walijulikana mapema zaidi, kwani Giulio Bizzozero wa Italia aliwaeleza kutoka tumboni mwa mbwa mwaka 1893.

Anayestahili kuangaliwa kwanza ni nguruwe. Wengi wanaofikia umri wa kuchinjwa huwa na helikobakta wao bila dalili ya wazi, ingawa bakteria huyo huhusishwa na uvimbe na vidonda vya tumbo vinavyomdhoofisha mnyama. Mbwa na paka nao wana aina zao, na wengi huonekana wazima kabisa. Kwa binadamu bakteria hawa hupatikana kwa nadra kuliko pailori, lakini wamehusishwa na uvimbe wa ukuta wa tumbo, vidonda, na hata limfoma, yaani saratani inayoanzia katika chembe za kinga zilizomo katika ukuta huo. Kwa sababu hiyo sikubaliani na wanaosema kwamba mnyama mwenye afya hana la kumwambukiza mtu.

Jenga banda mbali na jiko na kisima, weka mabuti ya kuingilia bandani tu, na utundike kibuyu chirizi chenye sabuni mlangoni, ili anayetoka kulisha au kuzoa kinyesi anawe kabla ya kushika chombo chochote. Kazi inayohitaji uangalifu zaidi ni kuchinja, hasa kupasua na kuosha tumbo la nguruwe, kwa kuwa bakteria huishi humo. Vaa glavu, funika jeraha la mkononi, tumia kisu na ubao ambao havitakata mboga wala nyama nyingine, na maji ya kuoshea matumbo yamwagwe shimoni. Kitimoto ipikwe hadi ndani pasibaki wekundu, jambo ambalo pia huua viluwiluwi vya tegu vilivyomo katika nyama. Mbwa awe na sahani yake, asilambe uso wa mtoto, na matapishi yake yazolewe kwa koleo badala ya mikono.

Ukifika hospitalini, fahamu kwamba kipimo cha choo kikubwa au cha pumzi kimeandaliwa kwa ajili ya pailori, hivyo kinaweza kutoa jibu la kutokuwepo ilhali bakteria wa mnyama yupo. Dalili zikiendelea, omba rufaa ya kipimo cha kamera ya tumbo, ambacho hufanyika Hospitali ya Bugando, Mwanza, na umweleze mtaalamu kuhusu mifugo yako ili achukue vipande vidogo vya ukuta wa tumbo kutoka sehemu kadhaa, kwa maana bakteria hawa hukaa kwa mafungumafungu. Mweleze daktari dawa zote unazotumia. Omeprazo, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, husimamishwa wiki 2 na antibiotiki wiki 4 kabla ya kipimo, kwa idhini yake, kwani huficha bakteria. Usinunue antibiotiki dukani kwa kukisia: matibabu huunganisha dawa ya kupunguza asidi na antibiotiki zaidi ya moja, kwa muda anaoupanga daktari. Maziwa na asali huweza kutuliza moto wa tumbo, lakini hayachukui nafasi ya dawa hizo. Kinyesi cheusi kama lami, kutapika damu au kupungua uzito ghafla kusisubiri miadi; nenda siku hiyohiyo.