Namna ya kumdai mwanakikundi marejesho yaliyochelewa bila kumvunjia heshima

Mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa, kiwe VICOBA cha mtaani au kikundi cha akina mama wa sokoni, ana kazi moja isiyoandikwa kwenye katiba, nayo ni kumkabili jirani au ndugu na kumwambia kwamba fedha za wenzake hazijarudi. Wengi huiahirisha kwa kuona haya mpaka deni likomae, kisha huifanya kwa hasira. Utaratibu ufuatao ndio ninaoutumia katika kikundi chetu, na unamfaa pia aliyemkopesha rafiki fedha zake mwenyewe.

Hatua ya kwanza ni kufungua daftari kabla ya kushika simu. Linganisha daftari la kikundi na kitabu cha mwanachama, uone alikopa kiasi gani, amerejesha kiasi gani na tarehe ya rejesho lililochelewa, kisha muulize katibu kama hakuna malipo yaliyoingia kwa simu ambayo hayajaandikwa. Hakuna kinachoudhi kama kudaiwa fedha uliyokwisha kuituma, ilhali ujumbe wa muamala bado umo kwenye simu yako.

Hatua ya pili ni kuchagua mahali na wakati. Usimdai mtu msibani, wala mbele ya watoto wake, wala kwenye kundi la WhatsApp, hata kwa mafumbo ya "wenye madeni wanajijua", kwa sababu kila mmoja atamjua anayesemwa na yeye mwenyewe ataacha kuja kwenye vikao. Mpigie jioni akiwa ametulia, na usimbipu, kwani mwenye shida ndiye hupiga. Kwa mtu aliyekuzidi umri, kumwendea nyumbani kuna heshima zaidi.

Hatua ya tatu ni maneno yenyewe. Baada ya salamu, ambazo hazipaswi kuwa ndefu hadi zionekane mtego, lieleze jambo kwa tarakimu: "Mama Neema, nimekupigia kwa habari ya mkopo wako wa shilingi 600,000. Rejesho la kwanza la 220,000 tulilipokea, ahsante. La pili lilikuwa la Jumamosi iliyopita, nami sijaliona daftarini. Kumetokea nini?" Maneno hayo yanaanza na kile alichokwisha kutimiza, "sijaliona daftarini" yanamwachia nafasi ya kusema kwamba amelipa, na swali la mwisho linaomba maelezo, tofauti na "mbona hulipi?", ambalo humfanya mtu ajitetee hata kama alikuwa amekusudia kulipa kesho yake. Kwa mzee, anza na shikamoo na kuomba radhi kwa usumbufu, lakini tarakimu zibaki zilezile.

Hatua ya nne ni kunyamaza. Hapa ndipo wadai wengi huharibu, kwani ukimya wa upande wa pili huwatia wasiwasi, nao huujaza kwa "maana wenzako wanalalamika" au kwa kumtajia wanaolipa kwa wakati. Mwache aseme mpaka amalize, halafu mrudishie kwa kifupi ulichosikia: "Kwa hiyo mzigo wa mahindi umekwama, na mnunuzi amekuahidi fedha mwisho wa mwezi, ndivyo?" Aliyesahau atakuambia papo hapo kwamba amesahau. Aliyekwama kwa kawaida hutaja mambo mahususi. Mimi humwamini zaidi anayesema "kwa sasa ninayo 30,000 tu" kuliko anayeahidi kwamba kesho asubuhi atamaliza yote, kwa sababu ahadi kubwa inayotolewa upesi mara nyingi inakusudiwa kuyakata mazungumzo.

Hatua ya tano ni makubaliano. Mwache ataje mwenyewe kiasi na siku, hata kama kiasi hicho ni kidogo, wala usimwahidi kusamehewa faini au kuongezewa muda, kwa kuwa uamuzi huo ni wa kikao. Mkishakubaliana, mtumie ujumbe mfupi: "Ahsante kwa mazungumzo. Tumekubaliana 30,000 Ijumaa, na suala la salio ulilete kwenye kikao cha Jumamosi."

Siku hiyo ikipita kimya, mpigie mara moja tena, umweleze kwamba sasa utamwarifu mdhamini wake kama katiba inavyotaka. Asilisikie jambo hilo kwanza kutoka kwa mdhamini. Mwisho wa njia hiyo ni kikao. Kutangaza picha au majina ya wadaiwa ni mwenendo wa mikopo ya kausha damu, yaani ile ya riba kubwa inayomkamua mkopaji, hasa ile ya mtandaoni, ambayo wakopeshaji wake walizoea kuwatumia ujumbe wa aibu hata watu waliomo tu kwenye orodha ya namba za mdaiwa. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni, na kikundi cha majirani hakina sababu ya kuiga tabia za aina hiyo.

Fedha ikiingia, iandike siku hiyohiyo, mwambie kwamba imefika na umtajie salio lililobaki. Deni likiisha kabisa, mpigie na mdhamini, kwa maana yeye husahaulika na huendelea kuwaza kwamba bado amebeba mzigo wa mwenzake.