Usioshe viazi lishe unavyotaka kuviweka

Agosti ikifika, wakulima wa Chanika, Msongola na Kigamboni, jijini Dar es Salaam, wanavuna viazi vitamu walivyopanda wakati wa masika, na kila mwaka naitwa kutazama hasara ileile. Safari hii nilikwenda kwa mama mmoja kule Chanika. Akanifungulia kiroba cha viazi lishe, yaani viazi vitamu vya rangi ya machungwa ndani, alivyovuna siku 5 tu nyuma. Harufu ilitangulia, kali kama ya pombe iliyochacha. Viazi vimelainika, vinatoa maji, na kila palipokatwa na jembe pameota nywele za kijivu zenye vichwa vyeusi. "Bwana shamba, mbona niliviosha vizuri, nikavikausha juani ndiyo nikafunga?" akaniuliza. Viroba 6, vyote vya kumwaga.

Ndugu mkulima, kiazi kinachotoka ardhini kina vidonda hata kama huvioni. Ngozi yake bado laini. Ukikisugua na maji inachubuka, na ule ukungu unaoozesha huingia papo hapo palipochubuka. Maji ya dimbwi au ya ndoo moja iliyotumika tangu asubuhi yanausambaza kutoka kiazi kimoja hadi kingine. Ukimalizia kwa kufunga kwenye kiroba cha nailoni kisichopitisha hewa, joto na unyevu humaliza kazi kwa siku 3 au 4. Jua nalo halisaidii, linakiunguza kiazi na kufungua vidonda vingine.

Kiazi huponya vidonda vyake chenyewe ukikipa nafasi. Kazi inaanza kabla ya kuvuna: siku 7 hadi 10 kabla, kata marando yote usawa wa ardhi, viazi vibaki chini ngozi ikomae. Matembele uza mafungu, marando ya mbegu panda. Siku hizohizo fukia kila ufa kwenye tuta, maana fukusi, wale wadudu wanaotoboa viazi, hushukia humo kutaga. Tangu kukata hadi kuvuna isizidi wiki 2, viazi vitaanza kuchipua. Na kama mvua inanyesha usikate kabisa. Udongo ukilowa viazi vitaozea shambani.

Ukivuna, pangusa udongo kwa mkono au kitambaa kikavu. Kwa mkono, si kwa brashi. Weka pembeni vilivyokatwa na jembe, hivyo ni vya kupika wiki hii. Vilivyo vizima virundike kivulini juu ya nyasi kavu, rundo lisipite kimo cha goti, ufunike kwa nyasi, kisha juu yake gunia la katani lililoloweshwa na kukamuliwa hadi lisidondoshe tone. Nimesema gunia, si turubai. Acha siku 4 hadi 7. Kiazi kinapumua na kutoa joto lake, na kinachotakiwa ndani ya rundo ni joto la nyuzi 30 hivi pamoja na hewa yenye unyevu, ndipo kidonda kinapofunga kwa ngozi mpya. Wengi siku ya pili wanafunua, wanaona kimya, wanajaza viroba. Siku 2 hazitoshi! Gunia likikauka, lilowesha tena na ukamue. Ukisugua kwa kidole gumba na ngozi haitoki, vimepona.

Sasa ndiyo uhifadhi. Chimba shimo mahali pakavu penye paa, au tumia sanduku la mbao. Tandika mchanga mkavu sentimeta 10, panga viazi visigusane, mwaga mchanga sentimeta 5, panga tena, na juu kabisa malizia na sentimeta 15. Mchanga ulioanikwa juani uache upoe usiku kucha kwanza. Nimeona watu wakimwaga mchanga wa moto juu ya viazi, ni kuvipika. Kila wiki 2 kagua na utoe kilichoanza kulainika. Hivyo vinakaa miezi 2 hata 3, na sokoni bei huwa nzuri zaidi mavuno ya wengine yakiisha.

Wanaoniambia mteja hanunui kiazi chenye udongo, ni kweli. Osha asubuhi ya siku unayouza, idadi ya kuuza siku hiyo tu, vikaukie kwenye mkeka kivulini, upeleke soko la Mabibo au Buguruni kwenye tenga.

Nasisitiza hivi kwa sababu ile rangi ya machungwa ndiyo lishe yenyewe, mwili unaigeuza kuwa vitamini A. Gramu 125 za kiazi lishe kilichochemshwa, kiazi kimoja kidogo, zinamtosha mtoto wa chini ya miaka 5 mahitaji yake ya siku ya vitamini A. Chemsha na maganda, sufuria ikiwa imefunikwa, na kiliwe na tui la nazi au mafuta kidogo, vitamini hiyo inahitaji mafuta ili mwili uipokee. Msidhani mkikata vipande na kuvikausha mmepata akiba ileile: vikikaa miezi, sehemu kubwa ya lishe hupotea. Kiazi kizima kwenye mchanga kinaitunza vizuri zaidi. Kwenye friji pia msiweke kibichi, baridi ya chini ya nyuzi 12 inakifanya kiwe kigumu katikati hata ukichemsha saa nzima.

Kilichotobolewa na fukusi usikiingize shimoni hata kimoja. Kina uchungu, na uchungu huo ni sumu. Usile, na ng'ombe au nguruwe usimpe. Kizike mbali na shamba, kina cha nusu mita.