Sampo inachuja kila ukihifadhi: tafuta ni hatua gani inayoila

Ukitengeneza muziki hapa Bukavu, vidole vyako vimeshazoea jambo moja: hifadhi sasa hivi, umeme haujaenda. Mimi ni hivyo hivyo. Nikikata mwanzo wa sampo (kipande kifupi cha sauti nilichorekodi ili nikitumie kwenye wimbo), nahifadhi. Nikiupunguza mkia wake, nahifadhi. Nikibadili jina, nahifadhi tena. Tabia hiyo imeniokoa mara nyingi, na ndiyo hiyo hiyo iliyoniharibia seti nzima ya sampo za lulanga nilizorekodi Kadutu. Ilinichukua wiki kadhaa kuelewa, kwa maana hakuna siku niliyousikia uharibifu ukitokea. Faili la Jumatatu na la Jumanne yalilingana kabisa masikioni. Nilipokuja kuliweka la siku ya kwanza kando ya lile la miezi mitatu baadaye, nilishtuka.

Kwa asiyeijua, lulanga ni kinanda cha kabila la Bashi: ubao uliochongwa kama hori, nyuzi zimetandazwa juu yake. Uzuri wake uko kwenye mkia wa sauti, pale uzi unapoendelea kuimba baada ya kidole kuondoka. Huko ndiko hasara ilikoanzia. Nilipobonyeza noti nane kwa pamoja, nyuma yake palikuwa na "shiii" kama mvua ya mbali juu ya mabati. Upande wa likembe, kile kinanda kidogo cha kupigwa kwa vidole gumba, ule mtetemo wa vipete vya chuma ulikuwa umelainika kama kitu kilicholowa maji.

Kabla ya hatua yoyote, tuondoe hofu moja. Sisi tuliokulia kwenye kaseti tulizoea kwamba nakala ya nakala huzidi kuchoka. Faili la kompyuta si kaseti. Kulinakili kwenye fleshi mara elfu moja hakulipunguzii kitu, na kulicheza usiku kucha hakulichoshi. Linalodhuru ni kulifungua, kulipitisha kwenye hesabu fulani, kisha kuliandika upya. Kwa hiyo swali si "nimelinakili mara ngapi?" Swali ni "limeandikwa upya mara ngapi, na kwa hesabu gani?"

Hatua ya 1: Weka faili mama, usiliguse

Tafuta nakala ya zamani kuliko zote uliyonayo. Inaweza kuwa bado kwenye simu, kwenye kadi ya kinasa sauti, au kwa mtu uliyemtumia. Iweke kwenye folda yake, uipe jina lenye tarehe, na uifunge isiandikwe (kwenye Windows ni kutia alama ya "kusoma tu" katika sifa za faili). Hili ndilo faili mama. Kuanzia leo, kila marekebisho yanaanzia kwake, hayaanzii kwenye nakala ya jana.

Ukitaka uhakika kwamba faili mama halijabadilika, chukua alama yake ya kidijitali. Kwenye Windows, fungua dirisha la amri uandike certutil -hashfile, kisha jina la faili, kisha SHA256. Kwenye Linux amri ni sha256sum. Utapata mstari mrefu wa herufi na namba, uandike mahali. Mwaka kesho alama ikitoka ile ile, faili ni lile lile hadi biti ya mwisho. Kumbuka tu kwamba kubadili jina la msanii ndani ya faili kunabadili alama bila kugusa sauti, kwa hiyo alama tofauti peke yake haithibitishi hasara.

Hatua ya 2: Yajaribu masikio yako kwanza

Vua vipokea sauti vya Bluetooth. Vinaibana sauti njiani kabla haijakufikia, na utalaumu faili kwa kosa la hewani. Tumia vya waya.

Kisha mwombe mtu akuchezee faili mama na nakala ya leo mara kumi, kwa mpangilio anaoujua yeye tu, nawe ukiwa umempa mgongo. Kila mara sema ni lipi. Ukipatia mara tisa au kumi, unasikia kweli: kwa kubahatisha tu, matokeo hayo hutokea takriban mara 11 katika 1,024. Ukipatia mara sita, bado hujui. Mimi nilipatia nane kwenye lulanga na tano kwenye ngoma, na hiyo nane ndiyo iliyonisukuma nipime.

Hatua ya 3: Kipimo cha kufutana

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ningekuwa na nafasi ya kufundisha jambo moja tu ningefundisha hili. Wazo lake ni jepesi. Chukua mawimbi mawili yanayofanana kabisa, geuza moja juu chini, kisha yajumlishe. Kila kilima kinakutana na bonde lake na kinabaki kimya. Kikibaki chochote, hicho ndicho kilichoongezwa au kuibiwa.

Nitaeleza kwa Audacity, programu ya kuhariri sauti, maana haina malipo na wengi wetu tunayo. Ninataja majina ya Kifaransa; kwenye toleo lako yanaweza kutofautiana kidogo.

Fungua mradi mpya. Ingiza faili mama, kisha ingiza nakala unayoishuku kwenye njia ya pili, yaani mstari wa pili wa sauti chini yake. Hakikisha zote mbili zina kasi moja ya vipimo, yaani idadi ya vipimo vya sauti kwa kila sekunde. Ikiwa moja ni 44,100 na nyingine 48,000, simama hapo, umeshapata jibu la kwanza. Kuza picha hadi uone nukta moja moja (kila nukta ni kipimo kimoja), na uhakikishe mianzo imelingana. Lazima ilingane nukta kwa nukta, kwani hata kupishana kwa nukta moja kunaacha mabaki makubwa ya uongo. Kama ulishaupunguza mkia au kubadili ukubwa wa sauti kwa makusudi, pima kipande ambacho hukukigusa.

Chagua njia ya pili, uigeuze juu chini kwa Inverser. Chagua zote mbili, ziunganishe kuwa njia moja mpya. Sasa fungua Amplifier, chombo cha kukuza sauti, lakini usikimbilie kukubali. Soma kwanza namba inayopendekezwa, kwa sababu inakuambia kilele cha mabaki kiko chini kiasi gani. Ikipendekeza desibeli 40, mabaki yako kwenye −40, yaani desibeli 40 chini ya sifuri, ambayo ndiyo dari ya sauti ndani ya faili. Chombo hiki hukomea 50 kwa mara moja; kikikuonyesha 50, kubali, kifungue tena, na ujumlishe namba mbili. Ukishakuza mara mbili tatu na mstari bado umelala kama Ziwa Kivu alfajiri, mafaili hayo mawili ni sauti moja.

Kisha sikiliza mabaki yaliyokuzwa. Namba inakupa ukubwa wa hasara. Sikio linakutajia aina yake.

Hatua ya 4: Soma mabaki

Mabaki yakiwa kivuli cha muziki wenyewe, yakiimba kwa sauti ya chini ya maji, mhusika ni MP3 au ndugu zake. MP3 hutupa sauti ambazo kwa hesabu zake sikio halitazisikia, kwa kuwa sauti kubwa iliyo jirani inazifunika. Kwa msikilizaji wa mwisho, huo ni ufundi mzuri. Kwa sampo ni balaa, maana kilichofunikwa leo kinaweza kufunuliwa kesho utakapoishusha noti hiyo nusu oktava au kuipitisha kwenye kompresa, chombo kinachopunguza tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo. Tena kila uandishi mpya hutupa upya. MP3 hukata sauti katika vipande vya vipimo 1,152, yaani takriban milisekunde 26 kwa kasi ya 44,100. Ukikata mwanzo wa sampo, mipaka ya vipande inahama, na hasara mpya inakaa juu ya ile ya zamani mahali pengine. Kwenye ngoma utaisikia kama fukuto dogo kabla ya pigo, kelele inayotangulia mkono. Kwenye picha ya masafa, faili la kilobiti 128 mara nyingi linakatika kama kwa kisu karibu na kilohezi 16 au 17. Na ujue kwamba MP3 huongeza ukimya mfupi mwanzoni: kwa kawaida vipimo 1,105 ikiwa umetumia LAME (programu ya kutengeneza MP3) na kisomaji hakikurekebisha, kama milisekunde 25. Usipoziondoa kabla ya kipimo cha kufutana, matokeo hayana maana.

Mabaki yakiwa "shiii" sawia, hayafuati muziki, na yako karibu na −90, umeikuta ditha. Hii ndiyo iliyokuwa yangu, na naona ndiyo inayowaponyoka wengi, kwa sababu tunaambiwa WAV, faili la sauti lisilobanwa, haipotezi kitu. WAV yenyewe haipotezi. Lakini Audacity kwa kawaida hufanya hesabu zake kwa biti 32 za desimali, na unapotoa (kuandika nje ya mradi) WAV ya biti 16 lazima kila namba ikadiriwe hadi ngazi ya karibu kati ya ngazi 65,536. Ili makadirio hayo yasilete mkwaruzo unaofuata muziki, programu inatia kwanza kelele ndogo ya makusudi. Hiyo ndiyo ditha, na mara moja, mwishoni mwa kazi, ni jambo jema. Ngazi moja ya biti 16 iko kwenye desibeli −90.3, ndiyo maana namba hiyo inajitokeza. Ditha yenye umbo, ambayo husukuma kelele kwenye masafa ya juu, huacha mabaki makubwa kidogo.

Hesabu ya faili langu ni hii. Ditha ya kawaida ya pembetatu inaacha kelele karibu na −93. Kila uandishi unaongeza nyingine ya nguvu ile ile. Mara mbili inaongeza desibeli 3, mara kumi inaongeza 10. Nilikuwa nimeandika kama mara kumi na tano: −81. Hapo hakuna anayesikia. Lakini noti nane zinazolia pamoja zinabeba kila moja kelele yake, tukafika −72. Kompresa na kuongeza sauti vikanipandishia desibeli 20: −52. Vyombo vingine viliponyamaza mwisho wa wimbo, ikawa wazi. Niseme ukweli pia: kama umerekodi chumbani na jenereta ya jirani inanguruma, kelele ya chumba ni kubwa kuliko hii yote. Ditha hujidhihirisha pale ulipofifisha mkia hadi kimya kamili, kisha ukimya huo ukajazwa tena na tena.

Mabaki makali yaliyojificha kwenye vilele tu yanaonyesha sauti iliyopita sifuri ikakatwa kichwa wakati wa kuandika. Acha angalau desibeli moja ya nafasi. Mabaki yanayozidi kadiri masafa yanavyopanda mara nyingi hutokana na kubadilisha 44,100 kuwa 48,000 na kurudi, jambo linalotokea kimya kimya sampo inapopitia programu ya video. Uwiano wa kasi hizo ni 147 kwa 160, kwa hiyo karibu kila kipimo lazima kikokotolewe upya.

Kuna na kosa la kushusha sauti. Ukiishusha desibeli 24, ukahifadhi kwa biti 16, kesho ukaipandisha tena, umebaki na biti 12, yaani ngazi 4,096. Kila desibeli 6 ni biti moja, na biti iliyotupwa hairudi.

Hatua ya 5: Badili maana ya "kuhifadhi"

Tabia ya kuhifadhi kila dakika usiiache. Umeme wetu hautaki hivyo. Badili unachohifadhi. Wakati wa kazi hifadhi mradi, lile faili la aup3 tangu toleo la 3.0. Mradi unatunza sauti kwa biti 32 za desimali bila kuikadiria, hata ukiuhifadhi mara mia. Kutoa WAV ni kitendo kingine, kifanyike mara moja sampo ikiwa tayari.

Ikibidi kutoa faili la katikati, litoe kwa biti 32 za desimali. Ikiwa kifaa chako kinakubali 16 tu na lazima ulifungue na kuliandika tena, nenda kwenye Préférences, sehemu ya Qualité, uzime ditha kwa kazi hiyo. Iwashe siku ya kutoa toleo la mwisho. Kisha rudia Hatua ya 3 kwa faili ambalo hukulihariri kabisa: lifungue, litoe, lilinganishe. Likifutana kikamilifu, mipangilio yako ni salama.

Najua kinachotupeleka kwenye MP3 ni nafasi. Dakika moja ya stereo ya biti 16 ni megabaiti 10.6, na ya biti 24 ni karibu 16. Lakini noti moja ya lulanga ni sekunde nne, tena kwa njia moja inatosha: kama kilobaiti 350. Seti ya noti mia moja haifiki megabaiti 36. Ukitaka kubana bila kupoteza, tumia FLAC, ukikumbuka kwamba haichukui biti za desimali. Ishushe kwanza hadi 24.

Hatua ya 6: Kutuma kwa WhatsApp

Usiicheze sampo kwenye spika ili mwenzako airekodi kama ujumbe wa sauti. Ujumbe huo unabanwa kwa Opus, ambayo nayo hutupa sehemu ya sauti ili faili liwe dogo. Iambatanishe kama hati, au ufunge folda nzima kuwa zip. Mpokeaji akikutumia alama ya SHA256 ya alichopokea, linganisha na yako. Seti yangu ya lulanga niliijenga upya hivyo. Faili mama la noti kumi na mbili lilikuwa kwa rafiki yangu wa Goma niliyemtumia siku ile ile ya kurekodi. Noti tano zilizobaki hazikuwa kwa mtu yeyote, na hizo nilimrudia Mzee mwenye lulanga nikamwomba azipige tena.