Kupunguza Magaga Nyumbani kwa Mashine ya Kusugulia Miguu

Kisigino chenye magaga hujitambulisha usiku, pale kinaponasa nyuzi za shuka na kutoa sauti ya mkwaruzo kila mtu anapogeuka kitandani. Wengi wetu tumekuzwa na jiwe la kusugulia miguu lililokaa pembeni mwa bafu, na jiwe hilo bado linafanya kazi nzuri kwa mwenye subira. Siku hizi, hata hivyo, mashine ndogo za umeme za kusugulia miguu zimeenea madukani, na watu huzinunua wakitumaini kuvilainisha visigino kwa jioni moja. Mashine hiyo hailainishi ngozi. Kazi yake ni kupunguza unene wa ngozi iliyokwisha kufa, na ulaini unatokana na mafuta yanayopakwa baadaye, siku baada ya siku. Anayelielewa hilo tangu mwanzo hawezi kushawishika kusugua kupita kiasi.

Ni vyema pia kufahamu kwa nini ngozi ya mahali hapo huwa ngumu. Tabaka la nje la ngozi ya unyayo hufikia unene wa takriban milimita 1.5, ilhali kwenye kope za macho ni milimita 0.05 hivi, na unyayo hauna tezi za mafuta kama zilizoko usoni au kichwani. Una tezi za jasho tu, ingawa hizo ni nyingi sana. Kwa hiyo ngozi hiyo hukauka upesi, na kila inapogandamizwa na kusuguliwa hujiongezea unene ili kujikinga. Mtu anayeshinda amesimama dukani au jikoni, anayetembea pekupeku juu ya sakafu ya saruji, au anayevaa ndala zisizo na mkanda wa nyuma, hukiwekea kisigino mzigo unaokifanya kitanuke pembeni. Na ngozi kavu isiyoweza kunyumbulika ikilazimishwa kutanuka, hupasuka. Ndiyo maana magaga huanzia ukingoni mwa kisigino, wala si katikati yake.

Kabla ya kuwasha mashine, miguu ichunguzwe mahali penye mwanga wa kutosha. Mwenye kisukari, mwenye ganzi miguuni, na yule ambaye daktari amemwambia kwamba damu haifiki vizuri miguuni mwake, wasiitumie kabisa mashine hii wakiwa nyumbani, kwa sababu anayekosa hisia hawezi kujua kwamba amejichubua, na jeraha dogo kwa mtu wa namna hiyo huweza kugeuka kidonda kisichopona. Mama yangu mzazi ana kisukari, na miguu yake naihudumia kwa mafuta na kwa macho tu: kila jioni namtazama nyayo na katikati ya vidole, na nikiona mpasuko mpya tunakwenda kituo cha afya. Vilevile mashine isipitishwe juu ya mpasuko unaotoa damu au usaha, juu ya ngozi yenye fangasi, wala juu ya chunjua, kwa kuwa chunjua husababishwa na virusi na kuisugua ni kuvisambaza. Sugu ndogo yenye kiini kigumu kinachochoma kama kokoto ndani ya kiatu nayo iachiwe mtaalamu.

Baada ya hapo, miguu ioshwe kwa maji na sabuni, kisha ikaushwe kwa taulo hadi katikati ya vidole na kuachwa ipigwe na hewa kwa dakika 15 au 20. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa sababu tumezoea kuloweka miguu kwanza ndipo tutumie jiwe. Rola ya mashine nyingi, yaani kile kipande kinachozunguka na kusugua, imetengenezwa kwa ajili ya ngozi kavu. Ngozi iliyolowa huvimba na kuwa nyeupe, hutoka kwa mabonge yanayoganda kwenye rola, na baya zaidi ni kwamba huwezi tena kutofautisha ngozi iliyokufa na ile iliyo hai chini yake. Hata mashine ambayo kijitabu chake kinasema inastahimili maji haiondoi tatizo hilo.

Nilijifunza hayo kwa maumivu. Usiku wa kuamkia harusi ya binamu yangu niliiloweka miguu katika beseni la maji ya moto na chumvi kwa nusu saa, nikaisugua hadi visigino vikawa laini kama shavu la mtoto, nikalala nimeridhika. Asubuhi kila hatua ndani ya viatu ilikuwa kama kukanyaga makaa, na kwa siku tatu nilitembea kwa kunyata. Ngozi niliyoiona kuwa uchafu wa kuondolewa ilikuwa ndiyo kinga yangu.

Andaa mahali pa kukaa. Kiti kifupi kinafaa, mguu mmoja ukiwa umewekwa juu ya paja la mguu wa pili, na taulo kuukuu likiwa limetandikwa chini, maana unga mweupe wa ngozi huruka na kutua kila mahali. Mwenye pumu au anayepiga chafya kwa vumbi avae barakoa na afungue dirisha. Nywele ndefu zifungwe, na ncha za kanga au mtandio zikunjwe mbali, kwa kuwa rola inayozunguka hunasa uzi kwa haraka usiyoitarajia. Mashine ya kuchajiwa itolewe kwenye chaja kwanza, na mikono iwe mikavu.

Washa mashine ikiwa bado hewani, kwa mwendo wa chini kama ina mwendo zaidi ya mmoja, ndipo uigusishe taratibu kwenye kisigino. Uzito wa mashine yenyewe unatosha. Mkono kazi yake ni kuiongoza. Mlio wa mota ukibadilika na kuwa mzito, au rola ikisimama, ujue umeikandamiza. Ipeleke mbele na kuirudisha bila kutulia mahali pamoja kwa zaidi ya sekunde tatu au nne, kwa sababu msuguano huzalisha joto, na joto hilo huunguza ngozi kabla hujaona alama yoyote. Baada ya kupita mara chache, zima, pangusa unga kwa kitambaa, kisha pitisha kidole gumba polepole juu ya kisigino. Kidole hutambua mengi kuliko jicho: ngozi iliyokufa huhisiwa kavu na yenye mikwaruzo, tena ukiibonyeza haipokei mbonyeo sawasawa, ile iliyo hai hubonyea na kurudi. Lengo ni kuishia pale ambapo bado pana unene kidogo lakini hapakwaruzi. Ukisubiri hadi uone wekundu au uhisi mwasho wa moto, umekwisha kupita mpaka.

Mipasuko ina namna yake. Ukiitazama kwa karibu utaona kila mpasuko una kingo mbili zilizonyanyuka, ngumu kama ganda la muhogo mkavu, na kingo hizo ndizo zinazouzuia usifunge, kwa kuwa kila hatua huzivuta pande mbili. Basi mashine ipitishwe juu ya kingo, kwa kufuata urefu wa mpasuko, ili zishuke kidogo kidogo. Isiingizwe ndani yake kwa lengo la kuufuta. Dakika tatu au nne kwa kila mguu zinatosha kwa siku hiyo, hata kama kisigino bado hakijakuridhisha. Magaga ya miaka mingi yagawe katika awamu tatu au nne, ukiacha siku kadhaa kati ya awamu moja na nyingine, na baada ya hapo kusugua mara moja kwa wiki mbili huwatosha wengi. Mabaki ya ngozi yasikatwe kwa wembe kwa namna yoyote ile.

Sasa inakuja sehemu ambayo ndiyo hasa inayolainisha. Pangusa unga wote kwa kitambaa chenye maji, na ngozi ikiwa bado ina unyevunyevu ipake mafuta. Famasi huuza krimu za miguu zenye urea, ambayo huvuta maji na kuyashikilia ndani ya ngozi. Yenye asilimia 10 yafaa kwa ukavu wa kawaida, na ile ya asilimia 20 au 25 kwa kisigino kigumu zaidi, ila huchoma ikiingia kwenye mpasuko uliofunguka. Nasisitiza kwamba ninazungumzia krimu iliyotengenezwa kwa ajili ya ngozi, si mbolea ya shambani yenye jina hilohilo. Asiye na krimu atumie mafuta ya mgando, ambayo hayaongezi maji bali huyazuia yasipotee, na ndiyo sababu ya kuyapaka kabla unyevunyevu haujakauka. Mafuta ya nazi nayo yanasaidia. Usipake katikati ya vidole, kwa kuwa unyevu unaobaki hapo hualika fangasi. Vaa soksi za pamba na ulale nazo. Zinatunza mafuta yasiishie kwenye shuka. Fanya hivyo kila jioni, hata siku ambazo mashine haitumiki.

Rola ni ya mtu mmoja. Ninawaheshimu vijana wanaopita mitaani kupaka rangi kucha na kusugua miguu, kwa kuwa wanajitafutia riziki ya halali, lakini msasa uleule unaotoka mguu huu kwenda mguu ule huhamisha fangasi, na ndani ya nyumba mambo ni hayohayo: mama, dada na wifi wanaweza kushirikiana mashine, ila kila mmoja awe na rola yake, iliyohifadhiwa peke yake.

Baada ya kazi, zima mashine, chomoa rola, uikung'ute, kisha uisugue kwa mswaki wa zamani na maji ya sabuni na kuianika mpaka ikauke kabisa kabla ya kuirudisha. Mwili wa mashine upanguswe tu kwa kitambaa chenye unyevu, isipokuwa kijitabu chake kikiruhusu kuuosha. Kila baada ya miezi michache papasa rola kwa ncha ya kidole: ikiwa imekuwa laini, na ukijikuta unakandamiza ili unga utoke, wakati wa kununua nyingine umefika.