Kununua Mashine ya Maji Malindi Ukiwa na Watoto: Hatua kwa Hatua

Mtoto akianza kulia dukani, mashine hununuliwa bila kujaribiwa. Mzazi ametoka Mambrui au Kakoneri tangu alfajiri, muuzaji ameshaitoa mashine kwenye boksi, mdogo anataka choo, mkubwa anavuta kila kilicho na kamba, na hapo ndipo mnunuzi anaposema "basi, nifungie tu". Pesa inatumwa, mashine inapakiwa, na kasoro inajitokeza ukingoni mwa mto Sabaki, miche ikiwa imeshaanza kunyauka. Hatua hizi zimepangwa ili mtoto asiumie dukani, na pia asikukoseshe dakika kumi za majaribio. Zinahusu mashine za petroli za kuvuta maji, za inchi 2 na inchi 3, yaani upana wa mdomo wa paipu.

Hatua ya 1: Maliza mapatano kabla ya kutoka nyumbani

Pima kimo kutoka uso wa maji hadi pale mashine itakapokaa. Vitabu vya mashine hizi huandika kuwa zinavuta mpaka mita 8 hivi, lakini shambani usipange zaidi ya 6. Kama kisima chako kina kina kuliko hapo, mashine ya juu, inayokaa nje ya maji, haitavuta hata ukiongeza inchi, na safari nzima itakuwa bure. Pima pia urefu wa paipu ya kuvuta na ile ya kutoa, uandike kwenye karatasi.

Kisha pigia simu maduka mawili au matatu. Uliza bei pamoja na paipu, chujio na klampu, yaani pete za kukazia paipu. Uliza kama mashine ipo dukani au itaagizwa Mombasa. Na uliza kama wana pipa la kujaribia. Duka lisilokubali kuwasha mashine mbele yako liache, uwe na watoto au usiwe nao. Bei ibishanieni kwenye simu. Kubishana bei ndiko kunakomaliza subira ya mtoto, na ukianza nako dukani, majaribio yatamkuta ameshachoka.

Hatua ya 2: Siku na saa

Fika saa mbili na nusu au saa tatu asubuhi, fundi wa duka akiwa hajazongwa na wateja na uwanja ukiwa bado na kivuli. Ijumaa usianze jambo hili baada ya saa tano, kwa sababu duka likifungwa kwa swala mtakaa juani mkisubiri. Miezi ya kaskazi, mabati na vyuma vilivyoanikwa nje vinaunguza kiganja kabla hata ya mashine kuwashwa.

Hatua ya 3: Hesabu watu wazima

Hesabu iliyo salama ni mtu mzima mmoja wa mashine na mmoja wa watoto. Ukiwa peke yako, chukua mtoto mmoja tu, wa miaka saba au zaidi. Ukilazimika kwenda peke yako na wawili walio chini ya miaka mitano, usijaribu mashine siku hiyo: itazame, ipige picha, weka arbuni kidogo uandikiwe risiti, urudi siku nyingine. Nauli ya tuktuk mara mbili ni nafuu kuliko ekzosi kumkuta mtoto kwenye paja.

Viatu viwe vya kufunika vidole, champali zibaki nyumbani. Mtandio wa msichana ufungwe nyuma, ncha zisining'inie. Leso ya mama na mikono mipana ya buibui pia ikazwe, maana feni ya injini inavuta hewa kupitia matundu yaliyo upande wa kamba ya kuwashia, na kitambaa chepesi hufuata hewa. Watoto wapewe chakula kwanza. Waende choo kwanza, usitegemee cha dukani.

Hatua ya 4: Chuchumaa mlangoni

Kabla ya kuingia, chuchumaa mpaka macho yako yawe sawa na ya mtoto, kisha tazama ndani. Ukiwa umesimama unaona rafu na mabango ya bei. Ukichuchumaa unaona pembe za mabati yaliyoegemezwa ukutani, meno ya plau, mikono ya mikokoteni iliyopandanishwa, kamba za injini zikining'inia mahali hasa mkono wa mtoto wa miaka mitano unapofika, na chupa zilizopangwa chini.

Chupa hizo ndizo za kuogopa kuliko vyuma. Mafundi wengine huweka petroli au maji ya betri kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Mtoto mwenye kiu haulizi. Hakikisha ameshika chupa yake mwenyewe, na umwambie kabla hamjaingia kwamba dukani hapewi kinywaji na mtu yeyote ila wewe. Akimeza petroli usimtapishe, maana inaporudi juu inaweza kuingia mapafuni, na hapo ndipo inapodhuru zaidi. Mpeleke hospitali mara moja pamoja na chupa yenyewe. Kama duka linauza pia dawa za shambani, mtoto asikae chini sakafuni, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya mahamri ya saa nne.

Sasa mchagulie kituo: benchi, baraza, au kreti lililopinduliwa, mahali unapoweza kumwona bila kugeuka. Kisiwe karibu na lango ambalo pikapu hurudi nyuma, kwa sababu dereva haoni kichwa kilicho chini ya kioo.

Hatua ya 5: Acha aiguse mashine ikiwa baridi

Ukimkataza mtoto kabisa, ataigusa usipomwona, na pengine itakuwa imeshapata moto. Mwambie muuzaji, "Kaka, chomoa kofia ya plagi kwanza, nimuonyeshe mtoto." Plagi ikiwa haina umeme, injini haiwaki hata kamba ikivutwa. Mwonyeshe tangi la petroli, mahali pa kumiminia maji, na ekzosi. Mwekee mkono kwenye ekzosi ikiwa bado baridi, umwambie: hiki ndicho kitakachowaka moto, na hata mashine ikizimwa kitabaki moto nusu saa.

Halafu mpe kazi ya kweli. Wa miaka mitano ahesabu klampu: mbili za paipu ya kuvuta, moja upande wa pampu na moja kwenye chujio, na moja ya paipu ya kutoa. Jumla 3, na umwombe muuzaji ya 4 ya akiba. Wa miaka minane na kuendelea akusomee namba ya injini iliyogongwa kwenye chuma chenyewe, herufi moja moja, nawe uandike. Herufi zile ni ndogo na zina rangi ya chuma kilekile, na macho ya mtoto huziona vizuri kuliko yako. Namba hiyo itahitajika kwenye risiti.

Hatua ya 6: Kuwasha

Hapa ndipo watu wazima wawili wanapotengana. Mtoto anakaa angalau hatua saba za mtu mzima kutoka kwenye mashine, upande usio wa ekzosi. Tazama moshi wa kwanza unaelekea wapi, kwa sababu upepo wa kusi ukigeuka kuwa kaskazi, pembe iliyokuwa salama mwezi wa saba huwa ndiyo inayopokea moshi mwezi wa kumi na mbili. Mtoto mchanga aondoke kabisa, aende baraza la duka la pili. Ukisimama kando ya injini hii huwezi kuzungumza bila kupaza sauti, na masikio yake ni madogo.

Mashine isiwashwe ndani ya duka hata kama "ni dakika moja tu". Moshi wa petroli una gesi isiyo na harufu wala rangi, nayo humlevya mtoto mapema kuliko mtu mzima.

Fuata mpango huu, na usimruhusu fundi auruke:

1. Oili. Mashine mpya husafirishwa bila oili. Injini ya kawaida ya inchi 2 au 3 huchukua kama lita 0.6. Mashine ikae sawasawa, kijiti cha kupimia oili kifutwe, kichomekwe, kitazamwe.

2. Maji ndani ya pampu. Yamiminwe mpaka yafurike kwenye tundu, kisha kifuniko kikazwe. Pampu ikizunguka kavu, sili yake, ile inayozuia maji yasivuje, inaungua kwa muda mfupi sana, halafu maji hudondoka katikati ya pampu na injini. Muuzaji akitaka kukuonyesha "mlio tu" bila maji, mzuie.

3. Paipu ya kuvuta ndani ya pipa, chujio likiwa limezama lote. Klampu zikazwe kwa bisibisi, mkono hautoshi.

4. Sasa geuka, umtazame mtoto. Yupo kituoni? Ndipo useme, "Washa."

5. Koki ya petroli ifunguliwe, choki ifungwe, kamba ivutwe polepole mpaka ishike, kisha kwa nguvu. Ikiwaka, choki irudishwe taratibu. Injini mpya ikikataa baada ya kuvutwa mara sita au saba, kuna jambo.

6. Maji yatoke ndani ya dakika moja hivi, kwa sababu pipa liko karibu. Mkubwa anaweza kuhesabu sekunde kwa simu akiwa kituoni, na kazi hiyo humweka pale vizuri kuliko pipi. Yasipotoka kwa dakika tatu, zima. Maji yakitoka kwa kukohoa, yenye mapovu, hewa inaingia kwenye kiungo cha paipu ya kuvuta, mara nyingi kwa sababu raba ya kiungo haipo au imekaa upande.

7. Iache ifanye kazi dakika kumi mfululizo. Chini ya hapo hujajaribu kitu. Ukishaizima, tazama chini ya pampu, tone la maji likianza kujikusanya pale inapoungana na injini, omba nyingine.

Dakika baada ya kuzima ndizo zinazounguza watoto. Kelele imeisha, watu wanasogea, mtoto anadhani na hatari imeisha. Aendelee kukaa kituoni mpaka mashine ifunikwe au iondolewe. Akiungua, mwagia maji safi ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Usimpake dawa ya meno wala mafuta ya nazi.

Kama duka lina mashine nyingine uwanjani, jua mbili tatu. Mashine ya kusaga na ya kukatia majani zina mkanda ulio wazi, mtoto asifike upande huo hata zikiwa zimezimwa. Trekta si pembea. Jembe lililoinuliwa nyuma linaweza kushuka injini ikiwa imezimwa, mtu akigusa tu kishikio cha kuteremshia, na shafti ya nyuma inayoendesha vifaa huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara tisa kwa sekunde moja. Mtoto akitaka kupiga picha kwenye kiti, sawa, ufunguo ukiwa mfukoni mwa muuzaji na jembe likiwa limelala chini.

Hatua ya 7: Kulipa

Wakati wa kulipa macho yako yapo kwenye simu, unatafuta namba ya till na kuhakiki jina. Ukiwa peke yako, mtoto asimame kati yako na kaunta, mgongo wake ukigusa miguu yako, si nyuma yako. Kabla ya kuweka PIN, hakikisha risiti ina namba ya injini aliyoisoma mtoto, na kwamba muda wa waranti umeandikwa. Waranti ya mdomo huishia mlangoni.

Hatua ya 8: Kusafirisha

Petroli iliyobaki ya majaribio itolewe, koki ifungwe. Mashine isafiri imesimama wima. Ikilazwa, oili huingia kwenye silinda na kichujio cha hewa, na kesho itafuka moshi mweupe ukadhani umeuziwa mbovu. Ya inchi 2 ina uzito wa kilo 20 na kitu, kwa hivyo iende nyuma ya pikapu au kwenye tuktuk yake peke yake, imefungwa kamba. Watoto wapande tuktuk nyingine. Kwenye boda, mashine, mtoto na mzazi kwa pamoja si safari. Mtungi wa petroli ununuliwe mwisho, karibu na nyumbani, usikae miguuni mwa mtoto njia nzima.

Hatua ya 9: Ikifika

Chomoa kofia ya plagi na uiache imechomolewa mpaka siku ya kazi, kwa sababu mtoto ameshaona dukani jinsi kamba inavyovutwa na atataka kujaribu. Petroli ikae kwenye chumba kinachofungwa, mbali na jiko, kwenye mtungi wake na si chupa ya soda. Maji ya Sabaki yana tope na mchanga unaokula sili na feni ya pampu, kwa hivyo chujio likae ndani ya ndoo iliyotobolewa, lisiguse chini. Kuliteremsha mtoni ni kazi ya mtu mzima, kwa sababu ya mamba na viboko. Mtoto aliyesoma namba ya injini mpe daftari aandike saa za kazi, na zikifika 20, oili ya kwanza imwagwe na kubadilishwa.