Kabla ya Mkutano Wako wa Kwanza wa AA

Mara ya kwanza nilipokwenda mkutano wa AA (Alcoholics Anonymous, walevi wanaosaidiana kuacha pombe) hapa Nairobi niliishia getini. Mlinzi wa kanisa alinisogezea daftari la wageni: jina, nambari ya kitambulisho, sababu ya kuja. Hiyo safu ya tatu sikuwa nimejiandaa nayo. Nikaandika "kwaya". Akaisoma, akanitazama, nadhani alinusa pia, akasema kwaya hukutana Jumamosi, "lakini wale wa chai wako nyuma, chumba cha watoto." Nikageuka, nikarudi stejini. Ilipita wiki tatu kabla sijajaribu tena. Tangu hapo naamini wengi hawashindwi na mkutano wenyewe. Hushindwa na vitu vidogo vya njiani.

Anza na mwili, na hapa sitanii. Kama ukiamka mikono inatetemeka mpaka uzimue ndipo ushike kikombe, usikate pombe ghafla eti ufike mkutanoni ukiwa safi. Mwili uliozoea kunywa kila siku ukinyimwa kwa ghafla unaweza kuleta degedege ndani ya siku mbili za kwanza, halafu kuweweseka na kuona visivyokuwepo, na mtu anaweza kufa. Hapo ni hospitali kwanza. AA hakuna daktari wa zamu. Ni walevi wanaosaidiana, kama walivyofanya wawili wa mwanzo, mtu wa soko la hisa na daktari wa upasuaji, walipokutana Akron, Ohio, mwaka 1935. Kwa sababu hiyohiyo, mwenzako akikushauri uache dawa ulizoandikiwa hospitali, msikilize kwa adabu kisha uendelee kuzimeza. Na kama siku yenyewe umeshakunywa? Nenda. Sharti la kujiunga ni moja tu, kutaka kuacha. Kaa kimya, usikilize.

Kuutafuta mkutano si kazi ngumu, kazi ni kuhakikisha upo. Unaweza kupiga 1192, simu ya bure ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, uulizie huduma zilizo karibu nawe, au uulize kliniki ya afya ya akili. Orodha za mtandaoni huendelea kutangaza saa na ukumbi hata kundi likishahama, kwa hiyo ukipata nambari, piga kabla hujapanda matatu. Uliza wanazungumza lugha gani, maana vipo vikao vya Kiingereza kitupu na vingine vinavyochanganya. Uliza kama ni mkutano wa wazi, ambao hata mke au ndugu anaweza kuketi, au uliofungwa, wa wenye shida ya pombe peke yao. (Familia zina wenzao, Al-Anon.) Halafu uliza mlango ni upi, na getini husema nini. Usicheke, hilo ndilo lililonirudisha mimi.

Ukumbi ukiwa wa kanisa, usidhani kikao ni cha kanisa. Mara nyingi ni chumba cha kupangisha tu. Utasikia Mungu akitajwa, "kama tunavyomwelewa", na Waislamu huketi humo vilevile. Kiingilio hakuna. Kikapu kitapita, mgeni anakiacha kipite.

Utakachosema kiandae mapema, kwa kuwa zamu ikikufikia koo hukauka. "Naitwa fulani, leo nasikiliza" inatosha. Jina moja tu. Yanayosemwa humo hubaki humo, lakini jua hiyo ni ahadi ya watu, si ulinzi wa sheria. Mambo yako yenye kesi ndani yake mpelekee wakili. Ukija kuchagua sponsa, yaani mwenye siku nyingi bila pombe wa kukushika mkono, desturi ni mwanamume kwa mwanamume, mwanamke kwa mwanamke, nayo ina sababu. Dada, anayeng'ang'ania kukupeleka nyumbani usiku wa kwanza, mshukuru upande matatu yako.

Sasa saa ya kutoka, ambayo ndiyo niliyoidharau zaidi. Ukiingia saa kumi na mbili jioni, unatoka saa moja hivi, kifua kimefunguka, na njia ya nyumbani inapita palepale pa kila siku ambapo wanakujua kwa jina la utani. Panga njia nyingine hata kama ni matatu mbili. Zamani tungesema beba nauli peke yake, lakini siku hizi mfuko mtupu haumlindi mtu. Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, inakungoja kwenye simu. Afadhali mtu mmoja, mmoja tu, ajue unatoka saa ngapi, akupigie. Na kabla hujaondoka chukua nambari mbili tatu za waliokaa karibu nawe. Watakupa bila kuulizwa.

Mkutano wa kwanza usipokupendeza, jaribu kundi lingine kabla hujakata shauri. Mengine huongea sana, mengine yamejaa watu wa rika lisilo lako.

Mimi nilirudi palepale. Mlinzi akanipa kalamu, nikajaza jina na kitambulisho, safu ya tatu nikaiacha wazi. Akalivuta daftari, akaijaza mwenyewe: "chai".