Kupiga picha msafara wa pikipiki Malindi: mwahi mtu kabla hajajifuta jasho

Wapiga picha wengi wanaoitwa kwenye mikutano ya klabu za pikipiki huikalia picha ya pamoja mchana kutwa. Hiyo itapatikana tu, hata kwa simu ya mhudumu wa hoteli. Picha ambazo waendeshaji wenyewe huja kukuulizia baadaye ni za robo saa ya kwanza baada ya kufika: nywele zimelala kwa helmeti, watu wanapigana vibega, injini bado zinatoa mvuke wa joto.

Kwetu Malindi robo saa hiyo huangukia jua baya. Msafara ukitoka Mombasa baada ya chai ya asubuhi, ukapita kilomita kama 120 na kusimama Kilifi njiani, huingia mjini saa tano hivi. Hapa tuko takriban nyuzi 3 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo saa hizo jua linakaribia utosini na macho ya kila mtu yanageuka mashimo meusi. Kazi yote imo hapo.

Hatua ya 1: Wahi maegesho

Mpigie kiongozi wa msafara siku moja kabla. Muulize wanatarajia kufika saa ngapi, nani anaendesha mbele, na nani ndiye mkia wa msafara, maana akiingia huyo ujue wametimia. Kisha mwombe jambo moja tu: pikipiki ziegeshwe pale utakapoonyesha wewe.

Tafuta mwarobaini, mkwaju au mwembe wenye kivuli kizito, na ikiwezekana uwe mkabala na ukuta uliopakwa chokaa. Jua likipiga ukuta ule, mwanga hurudi laini usoni mwa mtu aliyesimama kivulini, bila flashi na bila msaidizi wa kushika ubao wa kurudisha mwanga. Mji wetu una kuta za aina hiyo tele. Epuka kivuli cha mnazi, kinamchora mtu mistari kama punda milia.

Kama ulilala chumba chenye kiyoyozi, toa kamera nje mapema ikiwa ndani ya mkoba, uiache nusu saa izoee joto. Ukiitoa ghafla, lenzi itapata ukungu na msafara hautakusubiri.

Hatua ya 2: Robo saa yenyewe

Weka kamera tayari kabla hujasikia ngurumo. Kivulini mimi huanza na shata (muda wa kamera kupokea mwanga) ya sekunde 1/250, tundu la lenzi f/4, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 400, halafu narekebisha. Lenzi ya milimita 35 inakutosha kwa salamu na vurugu, na ya 85 kwa nyuso. Ukiwa na kamera moja, chagua 35 ukae karibu.

Usikimbilie pikipiki ya kwanza. Simama pale wanapovulia helmeti, kisha tazama mikono. Glavu huvutwa kwa meno. Mkanda wa kidevuni unakataa kufunguka. Aliyepita njia ya vumbi kwa miwani ana duara mbili safi kuzunguka macho, na sehemu nyingine zote za uso ni nyekundu. Duara zile zina maisha ya dakika tano tu, kwa sababu cha kwanza anachoomba mtu akifika ni maji.

Salimia vizuri. Klabu hizi zina wazee wengi kuliko watu wanavyodhani. "Shikamoo mzee, pole na safari. Naomba picha moja hivyo hivyo, kabla hujanawa." Akijibu marahaba na kucheka, bonyeza wakati wa kicheko. Kumwambia mtu atabasamu kunaleta meno tu. Na akina dada wanaoendesha wapige kama waendeshaji, mkono ukiwa kwenye klachi, si kama mapambo ya pikipiki ya mtu mwingine. Asiyetaka picha, shusha kamera.

Kivuli kikikosekana, mpe mtu mgongo kwa jua na utumie flashi ya kujaza mwanga usoni, uipunguze nguvu hadi isijulikane kwamba ipo. Kumbuka flashi nyingi za kawaida hazikubali shata kupita 1/200 au 1/250.

Hatua ya 3: Pikipiki peke yake

Wakiingia kula, zamu ni ya vyuma. Stendi ya pembeni huwa kushoto, ekzosi mara nyingi huwa kulia. Basi upande wa kulia ndio wenye umbo zaidi. Geuza gurudumu la mbele kidogo ili rimu ielekee kamera, kwa ruhusa ya mwenyewe, na upige ukiwa umechuchumaa usawa wa tangi. Angalia ekzosi isikuunguze muundi.

Tangi jeusi ni kioo. Ukija na kanzu nyeupe utajikuta umo ndani ya kila picha. Vaa nguo nyeusi. Filta ya kupunguza mng'ao husaidia kwenye rangi na kioo cha helmeti, lakini kwenye kroomu haifui dafu. Taa za LED nazo zina hila: kwa shata ya haraka sana nyingine hutoka kama zimezimwa. Teremka hadi 1/250 au chini yake.

Hatua ya 4: Zikiwa mwendoni

Simama kando, mbali na lami, upande wa ndani wa kona. Pikipiki ikiteleza hukimbilia nje. Anza na shata 1/125, ukishazoea shuka 1/60; fungua miguu, zungusha kiuno ukimfuata mwendeshaji, bonyeza bila kusimamisha mzunguko. Nyingi zitaharibika, ni kawaida. Njia ya kwenda kijiji cha Marafa wakati wa kiangazi inakupa vumbi zuri jekundu nyuma ya magurudumu, ila usithubutu kubadilisha lenzi huko.

Hatua ya 5: Picha ya pamoja

Ingoje saa kumi na nusu. Bahari yetu iko mashariki, kwa hiyo alasiri jua linakuwa nyuma yako na linawapiga wao usoni, maji yakiwa nyuma yao. Kwenye Mnara wa Vasco da Gama wapeleke kwa miguu, helmeti mkononi. Mahali pale pako chini ya Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya na kuna kiingilio, basi zungumza na ofisi mapema kuhusu kundi na kamera. Msimu wa kusi upepo wa pwani hubeba chumvi. Futa lenzi kila baada ya picha chache. Droni inahitaji idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na uwanja wa ndege uko karibu na mji.

Hatua ya 6: Kukabidhi

Ficha namba za usajili kabla ya kuweka chochote hadharani, na picha ya mtoto isitoke bila mzazi kukubali. Tuma picha chache usiku huohuo, wakiwa bado wanasimuliana safari. Kwenye WhatsApp zitume kama dokumenti, la sivyo zitabanwa na vumbi lote ulilolihangaikia litageuka matope. Nembo yako iweke pembeni, ndogo, isimguse mtu usoni.